Kuona na Kuonyeshwa: Suala la Hatia katika Filamu za Visa vya Jinai

Filamu inapokwisha na taa kuwashwa, mjadala huanza. Mmoja hushikilia kwamba yule bwana ameua, kwani macho yake tu yanatosha kumshuhudia. Mwenziwe hupinga: hakuua, alisingiziwa na polisi. Wa tatu hutaka kuelezwa mbona hakutokwa na chozi hata moja alipokuwa akisimulia kifo cha mkewe. Chai haijapoa, na tayari watu hao, ambao hawajapata kufika Texas wala Wisconsin na hawajasoma hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kesi, wamekwisha kumtia mtu hatiani au kumwachilia huru.

Mjadala wa namna hii haufai kubezwa. Ndani yake mna shauku ya haki, na mna uchungu wa kweli kwa ajili ya aliyedhulumiwa. Hata hivyo, yafaa ukaguliwe kwa makini na watu wa lugha na fasihi, kwa sababu kinachojadiliwa si tukio lenyewe bali ni masimulizi ya tukio. Filamu ya hali halisi inayohusu kisa cha jinai ina msuko, ina wahusika, ina taharuki, na ina mambo yanayosemwa na mambo yanayonyamaziwa, sawasawa na riwaya. Tofauti kubwa ni moja: mhusika wa riwaya hafungwi gerezani msomaji akimshuku. Hivyo basi swali la mhakiki si "Je, aliua?" bali ni "Je, anayejibu swali hilo amejuaje?" Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtazamaji hubishana kana kwamba ameona, ilhali ameonyeshwa, na kwamba filamu njema ya aina hii ni ile isiyomficha tofauti hiyo.

Uzito wa Neno "Hatia"

Katika mjadala huu lugha ya Kiswahili husaidia na papo hapo hutatiza. Husaidia kwa msamiati wake. "Mshukiwa" na "mshtakiwa" ni majina yaliyoundwa kutokana na vitenzi vya kutendwa. Umbo lenyewe ladokeza kwamba shaka imo moyoni mwa anayeshuku, na kwamba shtaka ni tendo la anayeshtaki. Anayetajwa hajafanya lolote katika neno hilo. "Mhalifu," kinyume chake, ni mtenda: yeye amehalifu sheria. Katika mabishano ya baada ya filamu mtu husafirishwa kutoka jina la kwanza hadi la mwisho kwa sentensi mbili tatu, wala safari hiyo haipiti mahakamani.

Tatizo limo katika neno "hatia" lenyewe. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya dhambi au kosa, na uzito huo wa kidini haujalitoka. Mtu akisema fulani "hana hatia," msikilizaji huweza kuelewa kwamba fulani ni safi mbele ya Mungu na watu. Lakini mahakama haidai kusoma mioyo. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia mpaka kinyume cha hilo kithibitishwe. Hapo "hana hatia" ni msimamo unaoshikwa kabla ya ushahidi kusikizwa. Maneno yanayosema jambo hilo kwa usahihi zaidi ni yale ya makarani wa korti: "hakupatikana na hatia." Hatia katika usemi huo ni kitu kilichotafutwa kikakosekana, na kitu kisichopatikana si lazima kiwe hakipo. Hii ndiyo sababu watu wawili waweza kukesha wakibishana pasipo kutofautiana. Mmoja anaposema "hana hatia" akusudia kwamba kosa halikuthibitishwa. Mwenziwe husikia kwamba mtu yule hakuua.

Tazama pia mzizi "-ona." Kutokana nao hupatikana "kuonyesha" na "kuonyeshwa", hupatikana "maoni," yaani yale ambayo mtu husema kwa kuwa ameona, na hupatikana "kuonea" na "uonevu." Nasaba ya maneno haya ni funzo tosha. Anayetoa maoni bila kuona, kwa nguvu ya alichoonyeshwa tu, yu karibu sana na kumwonea mtu, naye hajui.

Filamu Iliyofungua Gereza

Mfano ulio bora zaidi wa suala hili ni filamu ya Mmarekani Errol Morris iitwayo "The Thin Blue Line," iliyotolewa mwaka 1988. Kisa chake kilianza mjini Dallas, Texas, mwezi wa Novemba mwaka 1976. Polisi aitwaye Robert Wood alisimamisha gari usiku, naye akapigwa risasi akafa. Kijana wa miaka 16, David Harris, ambaye alikuwa ameiba gari hilo na aliyejigamba mbele ya rafiki zake kwamba yeye ndiye aliyemwua polisi, aliposhikwa aligeuka akamtaja Randall Dale Adams, mtu wa Ohio ambaye alikutana naye siku ya mkasa baada ya Adams kuishiwa na petroli njiani. Mwaka 1977 Adams alihukumiwa kifo, na Harris alikuwa miongoni mwa mashahidi dhidi yake. Mwaka 1979 zilisalia siku tatu tu kabla ya kunyongwa ilipotoka amri ya kusimamisha adhabu hiyo. Mwaka 1980 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilitengua hukumu ya kifo kwa sababu ya jinsi wanajuri walivyoteuliwa, na baadaye mwaka huo huo adhabu yake ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Morris, aliyewahi kufanya kazi ya upelelezi wa kujitegemea, hakwenda Texas kwa ajili ya Adams. Alikwenda kumchunguza daktari wa akili aliyezoea kutoa ushahidi kortini kwamba washtakiwa wangeua tena wakiachwa hai. Katika uchunguzi huo ndipo alipokutana na Adams, na filamu ikabadili mkondo.

Fani ya filamu hiyo yastahili kuangaliwa. Hamna msimulizi. Hamna maandishi ya kumtambulisha anayezungumza. Watu hukaa mbele ya kamera wakasema, na katikati ya maneno yao huwekwa picha za kuigiza za usiku wa mauaji. Picha hizo hazibaki vilevile. Kauli ya shahidi ikibadilika, picha nayo hubadilika: mara mwenzake Wood yuko nje ya gari la polisi, mara angali ndani yake, mara anayeendesha gari lililosimamishwa ana nywele za namna hii, mara za namna ile. Baadhi ya wahakiki wa wakati huo walilalamika kwamba maigizo hayana nafasi katika filamu ya hali halisi. Lalamiko hilo lilikosa shabaha. Maigizo ya Morris hayamwambii mtazamaji kwamba "hivi ndivyo ilivyokuwa"; humwambia kwamba "hivi ndivyo fulani asemavyo ilivyokuwa." Mtazamaji anayeona tukio moja kwa sura nne au tano zisizopatana hawezi kujidanganya kwamba yeye ni shahidi wa macho. Hulazimika kupima kauli moja kwa nyingine.

Kilele cha filamu hakina picha ya mtu hata mmoja. Kinachoonekana ni kinasa sauti tu, nayo sauti ya Harris yasikika ikijibu maswali ya Morris. Harris hasemi waziwazi kwamba ndiye aliyeua. Husema kwamba ana yakini Adams hana hatia, na akiulizwa yakini hiyo ameipata wapi hujibu kwamba ndiye anayejua. Swali husikika, jibu husikika, na kila moja liko mahali pake.

Wengi husema kwamba filamu hii ndiyo iliyomtoa Adams gerezani. Kauli hiyo ni kweli nusu. Filamu ilifanya watu washtuke, lakini senema haina uwezo wa kufungua kufuli. Mwezi wa Desemba mwaka 1988 kikao cha mahakama kilifanyika Dallas, na humo Harris alikana ushahidi wake wa awali chini ya kiapo. Tarehe 1 Machi 1989 mahakama ya rufani ya jinai ya Texas ilitengua hukumu ya Adams, ikieleza kwamba upande wa mashtaka ulikuwa umeficha mambo yaliyostahili kujulikana na utetezi. Adams alitoka mwezi huo huo, akiwa amekaa kifungoni zaidi ya miaka 12. Aliyoyaonyesha Morris yalipata nguvu pale yalipotolewa mbele ya watu wenye haki ya kuhoji na kupinga.

Wala hasara ya kosa la mwaka 1977 haikuwa ya Adams peke yake. Mwaka 1985 Harris aliua mtu mwingine mjini Beaumont, Texas, na kwa mauaji hayo alinyongwa kwa sindano ya sumu mwaka 2004. Kwa kifo cha Wood hakushtakiwa kamwe. Kumtia hatiani asiyestahili huwa pia ni kumfungulia njia anayestahili. Mtazamaji anayesema "afadhali afungwe tu, huenda ndiye" na alikumbuke hilo.

Swali na Jibu Lake

Linganisha mwisho wa filamu hiyo na mwisho wa "The Jinx," mfululizo wa Andrew Jarecki ulioonyeshwa mwaka 2015. Mhusika wake mkuu ni Robert Durst, tajiri wa New York aliyeshukiwa kwa miaka mingi kuhusu kutoweka kwa mkewe mwaka 1982 na kuhusu kuuawa kwa rafiki yake, Susan Berman, mjini Los Angeles mwaka 2000. Katika sehemu ya mwisho Durst anakwenda msalani akiwa bado amevaa kipaza sauti. Huko yuasikika akijisemea peke yake: anajiuliza amefanya nini, kisha anajijibu kwamba amewaua wote, bila shaka. Filamu inakatika hapo. Watazamaji walipigwa na bumbuwazi, na mjadala wa hatia ukaonekana umefungwa.

Mwaka 2019 hati za mahakama zilidhihirisha maneno yote yaliyosemwa msalani kwa mpangilio wake. Ilibainika kwamba sentensi zile mbili hazikufuatana. Ile ya kuua ilitangulia. Ile ya kujiuliza ilikuja baadaye, na kati yao palikuwa na maneno mengine, mengine hayaeleweki. Wahariri wa filamu walizitoa kila moja mahali pake wakaziunga kwa mpangilio uliopinduliwa.

Hakuna haja ya kumweleza mwanaisimu uzito wa jambo hilo. Sentensi haina maana peke yake tu. Maana yake hutokana pia na jirani yake. Ukiweka swali na baada yake kauli, msikilizaji huifanya kauli hiyo kuwa jibu, kwa kuwa ndivyo mazungumzo ya binadamu yaendavyo. Kila neno alilosikia mtazamaji lilitamkwa na Durst. Hakuna lililoongezwa. Hata hivyo ungamo lile, kama mazungumzo ya swali na jibu, halikutamkwa na Durst: lilitungwa katika chumba cha uhariri.

Mtetezi wa filamu atasema kwamba Durst alipatikana na hatia ya kumwua Berman mwezi wa Septemba mwaka 2021, kwa hiyo ubaya uko wapi? Jibu ni kwamba kufika mahali sahihi si ushahidi kwamba njia ilikuwa halali. Isitoshe, filamu hiyo ilikuwa na ushahidi ulio madhubuti kuliko ungamo lile. Barua iliyowaarifu polisi kwamba kuna maiti nyumbani kwa Berman ilikuwa na anwani yenye jina Beverly lililoongezwa herufi moja, "Beverley". Bahasha nyingine, ambayo Durst mwenyewe alikuwa amempelekea Berman, ilikuwa na kosa lilo hilo katika mwandiko uliofanana. Durst alipohojiwa kortini alikiri kwamba aliiandika barua ile. Herufi moja iliyozidi, ambayo yeyote angeweza kuikagua, ilifanya kazi kubwa kuliko sentensi mbili zilizounganishwa kwa siri. Inasikitisha kwamba watu wengi waliotazama mfululizo huo hukumbuka msala na kusahau bahasha.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Morris naye alivutia kwake: muziki wa Philip Glass uliomo katika filamu yake haukuwekwa ili mtazamaji abaki baridi, na Adams hupewa nafasi ya kuhurumiwa. Hakuna filamu isiyo na mwambaji. Tofauti ni kwamba Morris aliamba ngoma uwanjani, watu wakimtazama. Katika "The Jinx" mahali muhimu paliambwa faraghani, na hadhira ikaletewa sauti tu.

Asiyekuwepo

Kuna namna nyingine ya kuonyesha, nayo ni kutoonyesha. "Making a Murderer," mfululizo wa sehemu 10 uliotolewa mwezi wa Desemba mwaka 2015, wahusu Steven Avery wa Wisconsin. Avery alikaa gerezani miaka 18 kwa kosa la kumnajisi mwanamke ambalo hakulitenda, akaachiliwa mwaka 2003 baada ya vinasaba kumtambulisha mtu mwingine. Mwaka 2005 alishikwa tena, safari hii kwa mauaji ya mwanamke kijana, na mwaka 2007 alipatikana na hatia. Waliotazama waliguswa mno. Zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi wakitaka Rais wa Marekani amsamehe. Ikulu ilijibu mwezi wa Januari mwaka 2016 kwamba rais hana mamlaka ya kusamehe makosa yaliyohukumiwa na mahakama za jimbo.

Jibu hilo lafundisha jambo. Watu zaidi ya laki moja walikuwa na yakini kuhusu kilichotokea, lakini hawakujua ni mlango upi unaobishwa. Yakini ilikuwa imetangulia ujuzi.

Jamaa wa marehemu walikataa kushiriki katika mfululizo huo. Ushahidi mwingine uliotolewa kortini dhidi ya Avery haukuingizwa, na mwendesha mashtaka alilalamika hadharani kuhusu hilo. Watengenezaji walijitetea kwamba kesi ya majuma kadhaa haiwezi kuingia yote katika saa 10, na utetezi huo una mantiki. Lakini athari haiondoki. Asiyekuwepo na lake halipo, nayo filamu huikamilisha methali hiyo kwa ukatili, maana katika kisa cha mauaji asiyekuwepo siku zote ni yule yule. Mshukiwa huzungumza, mawakili huzungumza, mama wa mshukiwa hulia mbele ya kamera. Marehemu hubaki picha moja iliyotundikwa. Mjadala wa baada ya filamu huuliza kwa juhudi kama mtu fulani ameonewa, na ni vema kuuliza. Mara chache huuliza ni nani hakupewa nafasi ya kusema.

Kipimo cha Mhakiki

Katika mahakama za Kenya, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2007, kesi za mauaji zilisikizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza. Wazee walisikiliza ushahidi wote, kisha wakatoa maoni. Jaji hakufungwa na maoni hayo. Mtazamaji wa filamu za jinai hujiona kama mmoja wa wazee hao. Tofauti ni kwamba wao walikaa tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, wakasikiliza pande zote mbili, na mashahidi wakahojiwa mbele yao. Yeye ameketi saa mbili au kumi akasikiliza upande uliochaguliwa na mtu mwingine. Wao walitoa maoni baada ya kuona. Yeye ameonyeshwa.

Haifuati kwamba anyamaze. Kama watazamaji wa "The Thin Blue Line" wangalinyamaza, huenda Adams angalizikwa na jina la mwuaji. Alikufa mwaka 2010, mtu huru. Kinachotakiwa ni kwamba mjadala ubadilishe maswali yake. Badala ya kuuliza jinsi macho ya mshukiwa yalivyo, na waulize kauli hii imetoka kwa nani, na aliwahi kusema kinyume chake? Sentensi hizi mbili zilifuatana ziliposemwa, au zimefuatanishwa? Muziki ungeondolewa, hoja ingesimama? Ni nani ambaye hakusikika? Na anayesema "hana hatia" ana maana ya kwamba hakutenda, au kwamba haikuthibitishwa? Maswali haya si mageni. Ndiyo yale yale ambayo wanafunzi wa fasihi hufundishwa kuyauliza kuhusu msimulizi wa riwaya, na wanafunzi wa isimu kuhusu muktadha wa kauli.

Idara za lugha zimezoea kuhesabu filamu kuwa mali ya watu wa picha. Lakini ushahidi unaoamua katika filamu zilizojadiliwa hapa ni wa lugha: sauti katika kinasa, sentensi mbili zilizogeuzwa, herufi moja iliyozidi katika jina la mahali. Wanaofaa kuwafundisha watazamaji kuupima ni wale wanaofanya kazi ya kupima maneno kila siku. Wakiacha kazi hiyo, hukumu itaendelea kutolewa mezani penye chai, na anayehukumiwa hatakuwa na nafasi ya kukata rufani.